Bahasha Yenye Tatu

Siku ile wifi wa Mama Mkunjo alihesabu pesa mbele yake. Hakuwahi kufanya hivyo. Miezi mitatu mfululizo alikuwa akipokea bahasha yake, anasema ahsante wifi, anaitia kifuani na kuendelea na shughuli zake, kwa sababu kuhesabu pesa mbele ya aliyekupa ni kumwambia usoni kwamba humwamini, na wao walikuwa watu wa nyumba moja. Leo alikaa kwenye kigoda mlangoni, akachomoa pini iliyofunga bahasha, akaibana kwa meno, akaanza kuhesabu noti moja moja juu ya paja, tena kwa sauti.

"Laki mbili," alisema alipomaliza.

Mama Mkunjo alikuwa anavua viatu. Jina hilo alipewa kazini, kwa sababu shuka akilikunja yeye, wenzake walisema, hata ukilirusha juu linatua na kona zake nne. Siku nzima alikuwa amesimama kwenye ubao wa pasi na miguu ilikuwa imevimba, kiatu cha kushoto kimegoma kutoka. Aliendelea kuhangaika nacho ili apate pa kuangalia.

"Uliniambia tatu, wifi."

"Najua nilivyokuambia."

"Uliniambia tatu ukiwa umekaa hapo hapo ulipo. Nikaacha kazi yangu ya jikoni kule shuleni. Laki na nusu, sawa, lakini ya uhakika, na chakula juu. Mwezi wa kwanza ukasema majaribio. Wa pili, majaribio. Wa tatu ukasema hospitali haijamlipa tajiri. Huu ni wa nne. Leo tunasema nini?"

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mume wa Mama Mkunjo, kaka yake wifi, fundi rangi ambaye mwaka jana alianguka na ngazi yake na nyonga haikurudi kama zamani. Alijitia kushughulika na redio. Redio yenyewe ilikuwa nzima, haina ugonjwa wowote, lakini aliifungua kwa bisibisi, akachungulia ndani kama mtu anayetafuta kitu muhimu sana. Mwanamume aliyekaa katikati ya mke na dada hana pengine pa kutia kichwa.

"Nitamwuliza tajiri Jumatatu," Mama Mkunjo alisema.

"Wenzangu hawataki tumwulize tajiri." Wifi aliitoa pini mdomoni, akaidondosha polepole ndani ya bahasha tupu. "Wanasema tukuulize wewe."

Akaondoka, akaingia chumbani kwake. Kilikuwa chumba cha pili kati ya viwili, na nusu ya kodi ilikuwa juu yake. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, mwisho wa mwezi unaofuata, na kwa laki mbili wifi asingeifikisha hata ajifunge mkanda. Mama Mkunjo alibaki na kiatu chake mkononi. Ndani ya mkoba, chini ya kitambaa cha kujifutia jasho, bahasha yake mwenyewe ilikuwa bado imefungwa kwa pini. Kwenye kona, kwa wino mwekundu, karani alikuwa ameandika 3.

* * *

Tajiri alikuwa na udobi mkubwa, mashine nne za kufulia na chumba kirefu cha pasi nyuma yake. Alipopata zabuni ya mashuka ya hospitali alimwita Mama Mkunjo ofisini, akamwambia nitafutie wanawake sita wasio na mikono mizito, laki tatu kila mmoja kwa mwezi, na wewe hivyo hivyo, uwe msimamizi wao. Hakuandika popote. Mama Mkunjo alizunguka nyumba kwa nyumba na maneno hayo mdomoni, akawakusanya sita, wa kwanza wifi yake. Kwa hiyo ahadi ilitoka kwa tajiri, lakini waliyemsikia akiahidi ni yeye.

Mshahara ulitolewa wakati wa mapumziko ya mchana, na mapumziko yalikuwa nusu saa. Karani alisema wote saba wakipanga foleni, hakuna atakayekula. Msimamizi asaini kwa niaba ya wote, abebe bahasha, akawagawie. Walikubali kwa furaha. Kila mwezi karani alimsogezea karatasi iliyokunjwa katikati, inayoonekana ni mstari wa chini tu, na kila mwezi Mama Mkunjo akatia sahihi yake iliyopinda. Yeye, fundi wa kukunja, hakuuliza kwa nini karatasi imekunjwa.

Mwezi wa kwanza, karani alipokuwa akimpa zile bahasha saba, alimnong'oneza: "Yenye tatu ni yako. Usichanganye." Hapo alielewa. Hawezi kusema hakuelewa. Alikwenda kwa tajiri, tajiri akamwambia wale ni wageni, wako kwenye majaribio, wewe nakujua, na ya kwako usimwambie mtu. Naye akameza. Nyumbani alisema na yeye anapata mbili.

Jumatatu hiyo alisimama tena mbele ya meza ya tajiri. Tajiri alikuwa kwenye simu, akamwonyesha kwa kidole asubiri. Alisubiri amesimama. Viti vilikuwa viwili, kimoja kina mkoba wa tajiri na kingine kina koti lake.

"Haya, mama. Nini?"

"Ni wale wanawake, tajiri. Majaribio yamekwisha. Wanauliza ile laki yao."

"Laki gani?"

"Ile ya tatu."

Tajiri alicheka, si kwa ubaya. Alikuwa mtu mcheshi, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumchukia. Akafungua kabati, akatoa karatasi na kuikunjua juu ya meza. Kwa mara ya kwanza Mama Mkunjo aliiona nzima. Mistari saba, na mbele ya kila mstari laki tatu. Chini yake, sahihi yake.

"Hospitali inataka kuona watu wangu wanalipwa vizuri," tajiri alieleza kwa upole, kama mwalimu. "Hii ndiyo wanayoiona. Sasa nimesikia wenzako wamekwenda kulalamika ofisi ya kazi. Hujui? Basi jua. Tutaitwa wiki ijayo. Afisa atauliza walikubaliana shilingi ngapi. Ukisema mbili, basi ni mbili, walisikia vibaya, yamekwisha. Karatasi hii itabaki kabatini, na mwezi ujao bahasha yako itakuwa na tatu na nusu. Ukisema tatu..." Aliikunja karatasi palepale ilipozoea kukunjwa. "Ukisema tatu, basi mimi nilitoa tatu. Zikaishia kwa nani, utaeleza wewe."

"Tajiri, lakini wewe unajua."

"Mimi najua mengi, mama. Funga mlango ukitoka, vumbi linaingia."

Alirudi chumba cha pasi. Zamani walikuwa na mchezo, anayeunguza foronya anaimbishwa. Siku hiyo mmoja aliunguza foronya na hakuna aliyemcheka. Mama Pacha, ambaye ubao wake ulikuwa karibu na wa msimamizi, alikuwa ameuvuta ubao huo hadi upande wa pili wa dirisha, kwenye joto zaidi. Alisema huko kuna mwanga mzuri.

* * *

Barua ya ofisi ya kazi ililetwa na wifi mwenyewe. Aliiweka mezani wakati wa chakula cha mchana, Jumapili, akaenda kula chumbani kwake. Mume akaisoma kwa sauti, kwa sababu macho ya mke yalikuwa yamechoka na mvuke. Mlalamikiwa wa kwanza, mwenye udobi. Mlalamikiwa wa pili, msimamizi wa chumba cha pasi.

"Wa pili ni wewe," mume alisema.

"Nimesikia."

"Dada yangu amekushtaki." Akaiweka barua chini. "Nikuulize, na usinikasirikie. Umezila pesa zao?"

Mama Mkunjo aliona uchungu ambao hakuutegemea. Miaka kumi na minne ya ndoa, na mtu anakuuliza hivyo na kijiko mkononi. Lakini hakuweza kukasirika, kwa sababu hakuwa safi. Aliinuka, akaingiza mkono chini ya godoro na kutoa bahasha nne zilizobanwa kwa mpira.

"Zao sikugusa hata senti. Lakini angalia."

Mume aliangalia. Kila kona, tatu ya wino mwekundu.

"Mimi napata laki tatu. Tangu mwanzo. Wao wanapata mbili na mimi nimejua na nimenyamaza."

"Uliniambia mbili."

"Nilikuambia mbili."

"Na zile sindano za nyonga? Ulisema duka la dawa wanakukopesha." Akapiga hesabu kichwani, na uso wake ukabadilika. "Kumbe ni hiyo laki."

"Ni hiyo laki. Sasa ulitaka nifanye nini? Nimwambie tajiri chukua, sitaki, mume wangu atatembea akipenda?"

Fundi rangi alijishika nyonga kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi. Kupitia ukutani walisikia kijiko cha wifi kikigonga sahani, kisha kikanyamaza. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, lakini sauti zao zilikuwa chini na hawakujua amesikia kiasi gani.

"Ukisema mbili," mume alisema mwishowe, "kazi unabaki nayo."

"Ndiyo."

"Na kodi tunalipa."

"Ndiyo."

"Halafu huyu," akaelekeza kidevu ukutani, "tutakula naye vipi?"

Mama Mkunjo alikusanya sahani, akaziosha, akaziosha tena.

* * *

Ofisi ya kazi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na mafaili hadi dirishani. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, leso mkononi. Tangu asubuhi alikuwa amesikiliza walinzi wasiolipwa na dereva aliyefukuzwa, na sura yake ilionyesha hivyo. Wanawake sita walikaa kwenye benchi moja, wamebanana. Tajiri na karani walipewa viti. Mama Mkunjo hakujua akae wapi. Benchi lilikuwa limejaa, na viti vya upande wa tajiri kimoja kilikuwa wazi. Alibaki amesimama karibu na mlango.

"Kuna mkataba wa maandishi?" afisa aliuliza.

"Hakuna," wifi alijibu.

"Mnaanzaje kazi bila kuandikiana? Haya. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano. Nani aliwaambia mshahara?"

Wanawake sita, kwa pamoja, walimtazama Mama Mkunjo. Mmoja alimnyooshea kidole kabisa.

"Wewe ndiye msimamizi? Uliwaambia kiasi gani?"

Tajiri alikuwa anafuta miwani yake kwa pindo la shati, ametulia, hata hakuinua kichwa. Mama Mkunjo aliifikiria kodi, akaifikiria nyonga, akamwona wifi yake anaitazama sakafu, ana macho yale makavu ya mtu anayejua tayari atakachosikia. Akapiga moyo konde.

"Laki tatu. Kama alivyoniambia tajiri."

Tajiri akavaa miwani. Akamwonyesha karani ishara ndogo, na karatasi ikatoka, ikakunjuliwa mbele ya afisa.

"Hatubishani, mheshimiwa," tajiri alisema kwa masikitiko. "Ni tatu kweli. Nilitoa tatu. Sahihi hiyo ni ya nani, muulize mwenyewe. Mimi nimeumia kama hawa mama zangu."

Benchi likalipuka. Mama Pacha alisimama, "Nilisema mimi! Nilisema!" na mwingine akasema maneno ambayo afisa alimwonya asiyarudie. Milioni mbili na laki nne, mtu alipiga hesabu kwa sauti, huyu mwanamke amekula milioni mbili na laki nne, na anasimama hapo na viatu vilivyopasuka ili tumwonee huruma. Mama Mkunjo alisikia yote.

Wifi peke yake hakupiga kelele. Alifungua kipochi chake na kutoa bahasha nne. Alikuwa mtu wa kuweka vitu, huyo, hata mifuko ya sukari aliiosha na kuianika.

"Mheshimiwa, hizi ndizo nilizopewa. Zina matundu ya pini, kila moja mawili tu, pini iliingia mara moja. Ningekuwa nimeibiwa njiani, mwizi angechomoa na kuchomeka tena. Halafu kuna hii mbili pembeni, kwa wino mwekundu. Huo si mwandiko wa wifi yangu. Wifi yangu akiandika mbili inaanguka."

Afisa alizipokea. Akamgeukia karani.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu," karani alijibu haraka, maana alikuwa amejiandaa. "Ni namba ya chumba. Chumba namba mbili, cha pasi. Namba moja ni cha kufulia. Haihusiani na kiasi."

Tajiri akatikisa kichwa kukubali. Afisa alipenga kamasi, akazigeuza bahasha, akaziweka chini. Ilionekana jibu limemtosha, au uchovu ulikuwa umemtosha. Wifi alikaa. Alikuwa amefika mwisho wa alichonacho.

Ndipo Mama Mkunjo alipoondoka mlangoni. Alikwenda hadi mezani, akafungua mkoba, akatoa zake nne zilizobanwa kwa mpira. Alipouvuta mpira, ukakatika.

"Mimi pia niko chumba hicho hicho, mheshimiwa. Cha pasi. Namba mbili. Hizi zangu."

Afisa alisogeza miwani. Tatu, tatu, tatu, tatu. Akamtazama karani, na safari hii karani akamtazama tajiri.

"Na ndani mlikuwa na kiasi gani?"

"Laki tatu." Aliligeukia benchi, kwa sababu hayo hayakuwa ya afisa. "Laki tatu kila mwezi. Nilijua nyie mnapata mbili. Tangu mwezi wa kwanza nilijua. Nilinyamaza kwa sababu mume wangu anachomwa sindano, na kwa sababu niliogopa. Zenu sikula. Lakini nilikula kimya changu, na hicho nimelipwa."

Mama Pacha alikaa chini polepole. Tajiri aliinuka nusu, akasema huyu mama ana chuki binafsi, afisa akamwambia akae, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa na mafua.

* * *

Tajiri alipewa siku kumi na nne awalipe wale sita malimbikizo yao, laki nne kila mmoja, na kila mtu asaini mwenyewe kwenye karatasi isiyokunjwa. Mama Mkunjo hakudai kitu, kwani yeye alilipwa kamili. Siku iliyofuata ubao wake ulikuwa umepewa mtu mwingine. Mlinzi, aliyezoea kumtania, alimwambia tu ameagizwa asimruhusu kuingia, akaomba radhi, akarudi kwenye kibanda chake. Afisa alimwambia alete malalamiko mapya. Alimpa tarehe, ilikuwa mbali.

Siku ya malipo alikwenda hadi getini. Hakujua anakwenda kufanya nini. Alijisemea anampokea wifi yake, maana mtu mwenye pesa asitembee peke yake, na alijua anajidanganya. Walitoka mmoja mmoja. Wengine wawili walimpita wakiangalia simu. Mama Pacha alisimama, akamwuliza mgonjwa anaendeleaje, akasema atapita kumwona, huenda kweli na huenda si kweli. Lilikuwa jambo dogo, lakini Mama Mkunjo alilishika.

Wifi alitoka wa mwisho. Walitembea hadi pale ukuta wa udobi unapoishia, na hapo wifi akasimama, akaingiza mkono kifuani na kutoa bahasha. Ilikuwa bado ina pini.

"Shika. Kodi ya wote, mpelekee mwenye nyumba kabla hajaanza maneno yake. Itakayobaki ni ya sindano."

"Wifi, hizi ni zako."

"Nimesema shika. Au unataka nikubembeleze barabarani?"

Mama Mkunjo aliipokea. Ilikuwa nzito kuliko zote alizowahi kubeba. Akaangalia ile pini, haijachomolewa, na akaelewa kwamba wifi hakuhesabu, wala hakukusudia kuhesabu mbele yake. Alikuwa ameomba jambo hilo, kuaminiwa tena, kimoyomoyo wiki mbili nzima, na sasa amelipata hakuweza kuliacha lilivyo.

"Umehesabu?"

"Nani? Tumeshasaini. Na wewe ndiye unayeibeba, nihesabu nini tena?"

Mama Mkunjo alichomoa pini. Akaweka mkoba wake juu ya ukuta mfupi, akaupiga kwa kiganja ukawa bapa, akairudisha bahasha pamoja na pini yake mikononi mwa mwenyewe.

"Hesabu, wifi."

"Aa, tuko njiani, watu wanatuona."

"Waone. Hesabu mbele yangu, kwa sauti."

Wifi alimtazama kidogo. Kisha akaibana ile pini kwa meno, akalowesha kidole, akaanza. Moja, mbili, tatu. Mama Mkunjo alisimama na miguu yake iliyovimba, akahesabu pamoja naye hadi noti ya mwisho.